Jumba la Kale Si Handaki

Mwanajeshi aliyefunzwa vema hulitazama jumba kwa jicho ambalo raia hanalo. Raia aonapo mnara wa msikiti hukumbuka sala. Askari hukumbuka kwamba mtu aliye juu ya mnara ule aweza kuiona barabara yote mpaka kivukoni. Raia huona ukuta wa mawe uliojengwa na mababu. Askari hupima unene wake na kujiuliza kama utazuia risasi. Ua mpana wa kasri humwonyesha mahali pa kuegesha malori, na paa la nyasi humwonya juu ya moto. Jicho hilo hatulilaumu. Tumelipata kwa mafunzo na kwa damu, na wengi wetu tungali hai kwa sababu yake.

Hata hivyo, yapo majumba machache ambayo sheria za vita, pamoja na heshima ya jeshi lenyewe, hututaka tuyatazame mara ya pili kabla ya kuamua. Ndiyo majumba ya kale: nyumba za ibada, makaburi ya wafalme na mawalii, makasri, maktaba, madaraja na miji mizima ambayo ujenzi wake wabeba maarifa ya watu waliotutangulia. Tunajua kwamba baadhi ya ndugu zetu wa jeshi na polisi watasema hii ni kazi ya watu wa makumbusho. Wakati wa amani ni kweli. Lakini bunduki zianzapo kulia, mtu wa makumbusho hukimbia pamoja na raia wengine, na anayebaki mlangoni mwa jumba lile ni askari, mwenye kiberiti mfukoni na amri ya kutafuta mahali pa kulala kabla ya giza.

Tuanze na Italia, kwa maana huko kosa moja kubwa limeandikwa vizuri katika vitabu vya vita. Kusini mwa Roma, juu ya mlima utazamao bonde la mto Liri, ipo monasteri ya Monte Cassino, iliyoanzishwa na Mtakatifu Benedikto karibu na mwaka 529. Mwanzoni mwa mwaka 1944 majeshi ya Muungano yalikuwa yamekwama chini ya mlima huo. Makamanda wao waliamini kwamba Wajerumani walikuwa wakiitumia monasteri kuchungulia bonde na kuelekeza mizinga. Tarehe 15 Februari 1944 ndege zaidi ya 200 zikaishambulia kwa mabomu mpaka ikawa kifusi. Baadaye ilibainika kwamba Wajerumani hawakuwa wameweka askari wao ndani ya kuta zile. Waliouawa humo walikuwa raia waliokimbilia hifadhi kwa watawa.

Yaliyofuata ndiyo ambayo kila mwanafunzi wa uofisa yafaa ayakariri. Jengo zima ni mtego kwa anayelilinda, kwa kuwa milango yake yahesabika, madirisha yake yajulikana na dari yake yaweza kumwangukia. Kifusi ni ngome. Askari wa miavuli wa Kijerumani waliingia katika magofu yale, wakaweka bunduki zao za rashasha baina ya mawe yaliyorundikana, wakakaa humo kwa miezi mitatu. Mashambulio yalirudiwa, na kila mara watu wengi walianguka mteremkoni. Mlima haukutwaliwa mpaka tarehe 18 Mei, askari wa Poland walipofika kileleni na kukuta adui ameondoka usiku. Kwa hiyo jumba lililodumu karne nyingi lilipotea, na mlima haukupatikana kwa haraka hata kidogo. Kwa hesabu ya kijeshi peke yake, tukiacha dini na historia, lile lilikuwa shambulio lililomjengea adui handaki.

Haki yatudai tuseme na upande wa pili. Miezi michache kabla ya hapo, katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1943, maofisa wawili wa jeshi la Ujerumani waliona vita vinakaribia mlima, wakapanga malori ya jeshi yabebe vitabu na hati za kale za monasteri hadi Roma. Hati hizo zikanusurika. Jengo lenyewe lilijengwa upya baada ya vita, pale pale na kwa sura ile ile, likawekwa wakfu tena mwaka 1964. Mawe yaliweza kuchongwa upya. Hati lau zingeungua hakuna ambaye angeziandika tena.

Si kwamba majemadari wa wakati ule hawakuonywa. Tarehe 29 Desemba 1943, wiki chache kabla ya mabomu ya Cassino, Jenerali Dwight Eisenhower aliwaandikia makamanda wake wote walioko Italia juu ya majengo ya kihistoria. Alikiri kwamba ikibidi kuchagua baina ya jengo mashuhuri na uhai wa askari, uhai wa askari una thamani zaidi. Hakuna kamanda mwenye akili atakayebisha hapo. Lakini akaongeza kwamba mara nyingi uchaguzi hauji waziwazi namna hiyo, na kwamba neno “haja ya kijeshi” hutumiwa pengine kufunika urahisi wa kijeshi, au hata starehe ya mtu binafsi. Sisi tuliopitia kambi nyingi tunalijua jambo hilo bila kufundishwa. Ofisa asemapo kwamba hapana budi makao yake makuu yawe ndani ya kasri, mara nyingine ni kwa sababu ya mawasiliano na ulinzi. Mara nyingine ni kwa sababu kasri lina maji ya bomba.

Mawazo hayo ndiyo yaliyoingia katika Mkataba wa The Hague wa tarehe 14 Mei 1954, mkataba wa kwanza wa dunia uliotungwa kwa ajili ya kulinda mali za utamaduni wakati wa vita. Mkataba huo hauwakatazi askari kulishambulia jumba la kale tu, bali pia wawakataza kulitumia kwa namna itakayolifanya lishambuliwe. Maana yake ni kwamba anayeweka mzinga nyuma ya hekalu amekwisha kulivunjia hekalu heshima, hata kama hakufyatua risasi moja. Wakataza wizi na uharibifu wa makusudi. Waweka alama ya ngao ya rangi ya bluu na nyeupe ili jengo litambulikane. Kisha Itifaki yake ya Pili, ya mwaka 1999, ikaongeza kifungu ambacho twapenda sana makoplo na maluteni wetu wakijue: uamuzi kwamba haja ya kijeshi yalazimisha kulishambulia jumba la namna hiyo ni wa kamanda wa kikosi kilicho sawa na batalioni au zaidi, isipokuwa pale ambapo hali haimruhusu aliye chini yake kungoja. Haukuachiwa kijana mwenye roketi begani aliyechoka na jua la mchana.

Sheria ya karatasini hujulikana uzito wake siku mtu anapofungwa kwa ajili yake. Siku hiyo ilifika, na ilifika kwa sababu ya majengo ya udongo katika Afrika yetu, mjini Timbuktu, nchini Mali.

Mji huo upo ukingoni mwa jangwa la Sahara, karibu na mto Niger. Msikiti wake mkuu wa Djingareyber ulijengwa karibu na mwaka 1327, Mansa Musa aliporejea kutoka Hija, na mapokeo yanamtaja Abu Ishaq al-Sahili, mtu wa Andalusia, kuwa ndiye aliyesimamia kazi. Pamoja na misikiti ya Sankoré na Sidi Yahia, na makaburi 16 ya mawalii yaliyojengewa, mji uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988.

Asiyeyajua majengo haya hudhani kwamba udongo ni kitu cha mtu aliyekosa fedha za saruji. Ajaribu kusimama ndani ya nyumba ya udongo saa nane mchana katika nchi ya joto, kisha aingie ndani ya nyumba ya bati. Ukuta mnene wa matofali yaliyokaushwa juani hulinywa joto la mchana polepole na kulitoa usiku kunapokuwa na baridi. Hasara yake ni mvua. Katika mji wa Djenné, kusini zaidi katika nchi hiyo hiyo, ambako msikiti mkuu wa udongo ulijengwa upya mwaka 1907, wenyeji wameigeuza hasara hiyo kuwa sikukuu. Kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika msikiti upya. Udongo huchanganywa na pumba za mpunga na kuachwa uchachuke. Vijana huubeba kwa makapu wakikimbia, wanawake huleta maji, nao waashi wa chama cha kale, ambao ufundi wao hurithiwa baba kwa mwana, husimamia. Vile vijiti vya mnazi-mwitu vinavyochomoza ukutani, ambavyo mgeni hudhani ni pambo, ndiyo ngazi wanayopandia. Jengo la namna hiyo haliwezi kuhifadhiwa kwa kufuli na bango la “usiguse.” Likiachwa bila kuguswa kwa miaka michache, hurudi ardhini. Linahifadhiwa na mikono, na mikono hiyo ikiuawa au ikikimbia, jengo nalo limekufa hata kama halikupigwa bomu.

Mwaka 2012 makundi yenye silaha yaliiteka sehemu ya kaskazini ya Mali. Baina ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai mwaka huo watu wao walishika sururu, majembe na mitaimbo wakayavunja makaburi ya mawalii mbele ya macho ya wenyeji. Makaburi 14 kati ya 16 yalibomolewa. Mlango wa msikiti wa Sidi Yahia, ambao watu wa mji waliamini kwamba hautafunguliwa mpaka siku ya kiyama, uling'olewa. Mmoja wa waliosimamia kazi hiyo alikuwa Ahmad al-Faqi al-Mahdi, aliyekuwa mkuu wa kikosi kilichojiita cha kulinda maadili. Ndugu zetu wa polisi waitazame kazi yake vizuri: mtu yule alikuwa na ofisi, alikuwa na doria, na alidhani analinda utaratibu.

Tarehe 27 Septemba 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, baada ya yeye mwenyewe kukiri, ilimhukumu kifungo cha miaka 9 kwa uhalifu wa kivita wa kuyashambulia majengo 10 ya dini na ya historia. Hakushtakiwa kwa kuua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kumhukumu mtu kwa kosa la kubomoa urithi peke yake. Mwaka uliofuata mahakama ikaamua kwamba anawajibika kwa fidia ya yuro milioni 2.7. Adhabu yake ilipunguzwa kwa miaka 2 mwaka 2021, naye akaimaliza mwaka 2022. Lakini hukumu yenyewe imebaki, na mawakili wataisoma kwa muda mrefu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Mali. Uganda iliuridhia Mkataba wa Roma mwaka 2002, ikautungia sheria yake mwaka 2010, na mwaka huo huo mkutano wa kuupitia mkataba huo ulifanyika hapa hapa Kampala. Kifungu kilichomfunga al-Mahdi kinamhusu pia askari wetu, awe na cheo gani. Na jibu la “niliamriwa,” ambalo askari hulikimbilia kama mtoto akimbiliavyo kanga ya mamaye, halimwokoi mtu iwapo amri aliyopewa ilikuwa haramu waziwazi.

Baada ya mji kukombolewa Januari 2013, kazi ya kuyajenga upya makaburi ilianza Machi 2014 na kumalizika Julai 2015. Hawakuitwa mafundi wa ng'ambo waje na mashine. Waashi wa Timbuktu wenyewe, wakisaidiwa na UNESCO, walichimba na kuitafuta misingi ya zamani, wakalinganisha picha za kale, wakawauliza wazee, wakaanza kupanga matofali. Na hapa ndipo askari anapoingia katika habari hii kwa heshima. Azimio namba 2100 la Baraza la Usalama, la Aprili 2013, lililounda kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Mali, lilikipa kikosi hicho, pamoja na kazi zake nyingine, wajibu wa kusaidia kulinda mahali pa utamaduni na historia. Jambo hilo halikuwa limeandikwa kabla ya hapo katika majukumu ya kikosi chochote cha kulinda amani. UNESCO nayo ikatayarisha ramani na vijitabu vidogo vya kuwaonyesha askari ni wapi wasipite na magari mazito na ni ukuta gani wasiuegemee. Kikosi kile kiliondoka Mali mwishoni mwa mwaka 2023, na usalama wa nchi ile ungali mashakani. Hata hivyo, kwa muda ule, askari hakupewa mwiko wa kukandika. Alipewa kazi ya kusimama gadi ili mwashi apande ngazi bila hofu, na makaburi yalisimama tena.

Jeshi letu lina sababu ya kulisoma somo hilo kwa makini kuliko majeshi mengi. Tangu Machi 2007 vijana wetu wametumika Somalia, kwanza chini ya AMISOM, kisha ATMIS mwaka 2022, na AUSSOM tangu mwanzo wa mwaka 2025. Waliopita katika mitaa ya Hamarweyne na Shangani mjini Mogadishu wamekanyaga mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuukuta umestawi. Msikiti wa Fakhr ad-Din uliopo humo ni wa karne ya 13. Nyumba zake za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ndugu wa nyumba za Lamu na Unguja, na mtu wa pwani akiziona hahitaji kuambiwa ukoo wao. Vita vya miaka mingi vimeziharibu vibaya. Nao al-Shabaab walifanya huko yale yale ya Timbuktu, wakavunja makaburi ya mawalii wa watu. Kwa hiyo askari wa Uganda alipoulinda mji ule hakuwa akilinda bandari na uwanja wa ndege tu. Twasikitika kwamba wengi wetu tulirudi nyumbani bila mtu kutueleza kuta zile zilikuwa za nani.

Hatuwezi kuyasema ya Italia, Mali na Somalia tukanyamaza juu ya yetu. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya wakati ule lililishambulia kasri la Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbia, akafia London mwaka 1969. Kasri likageuzwa kambi, na chini yake, katika vyumba vya saruji visivyo na madirisha, watu waliteswa na kuuawa katika utawala wa Idi Amin. Jumba la Bulange lililo jirani, lililojengwa miaka ya 1950 liwe baraza la Buganda, likaitwa Republic House na kuwa makao makuu ya jeshi. Haikuwa mpaka ufalme uliporudishwa mwaka 1993 ndipo majumba hayo yalipoanza kurejea kwa wenyewe. Hatuandiki haya ili kufukua uadui. Tunayaandika kwa sababu jeshi la leo limerithi pia kumbukumbu ya majeshi yaliyolitangulia, na mwananchi apitapo Mengo haulizi ni jeshi la serikali ipi lililoweka vitanda vyake katika kasri; huona sare.

Na pale Kasubi je? Jumba kuu la Muzibu Azaala Mpanga lilijengwa mwaka 1882 kuwa kasri la Mutesa I, na alipofariki mwaka 1884 likawa kaburi lake. Baadaye Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II wakazikwa humo humo. Ni jumba la mviringo lenye upana wa takriban mita 31, ambalo paa lake la nyasi hushuka mpaka karibu na ardhi. Ndani, pete 52 za matete zilizofungwa hubeba dari, kila pete kwa ajili ya ukoo mmoja wa Buganda, na pazia la nguo ya gome la mutuba hutenga msitu mtakatifu wanakolala wafalme. Hata kazi ya ujenzi ina wenyewe: kuezeka ni haki ya watu wa ukoo wa Ngeye, yaani mbega, na kupamba ni ya ukoo wa Ngo, yaani chui. Wageni waliozoea kuuona ukuu katika urefu wa minara huingia mahali hapo wakiinama, maana mlango hauwapi nafasi nyingine.

Mwaka 2001 UNESCO iliyaandika makaburi hayo katika Urithi wa Dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba kuu likateketea. Siku ya pili yake umati wenye uchungu ulikutana na vikosi vya usalama mahali pale pale, risasi zikafyatuliwa, na raia wakafa. Hatutalizunguka jambo hili. Mtu aliyeona kaburi la wafalme wake likiungua usiku, asubuhi yake ni mfiwa, na askari apelekwaye mbele ya wafiwa ahitaji mafunzo mengine kuliko yule apelekwaye kuzuia wezi wa duka. Polisi wetu wa kutuliza ghasia hufundishwa kupanga ngao na kupima umbali wa moshi. Wafundishwe pia kwamba mahali patakatifu pana watu ambao neno lao husikika kuliko kipaza sauti cha polisi, na kwamba watu hao hutafutwa kabla ya umati kukusanyika.

Mwaka huo Kasubi iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ujenzi mpya ulichukua zaidi ya miaka 10, na wapo waliolalamika kwamba ulikwenda kama kinyonga. Baadhi ya lawama ni za haki. Lakini sehemu ya ucheleweshaji huo ilitokana na jambo ambalo fedha haziwezi kuliharakisha: ilibidi nyasi zinazofaa zipatikane, na waezekaji wazee wawafunze vijana kazi ambayo vitabu havikuiandika. Japani ilisaidia kupitia UNESCO, hasa katika kinga ya moto. Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya hatari. Waliofanikisha hayo ni mafundi wa kuezeka, na twaona ni vibaya kwamba majina yao hayajulikani mitaani kama yajulikanavyo ya wachezaji wa mpira.

Tutaulizwa kwa nini kuhangaika na nyasi na udongo wakati dunia yajenga kwa vioo na saruji. Jibu tunaliazima kwa mtu wa Burkina Faso. Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando kisichokuwa na shule. Alijifunza useremala, akapata nafasi ya kwenda Ujerumani, akasomea usanifu wa majengo mjini Berlin. Angali mwanafunzi, alichangisha fedha akajenga shule ya kijiji chake, iliyokamilika mwaka 2001. Alitumia udongo wa pale pale uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kuwa matofali. Juu ya madarasa aliweka dari ya matofali yenye matundu, na juu ya dari, kwa kuacha nafasi ya hewa kupita, akainua paa la bati lenye kingo pana. Bati huchomwa na jua peke yake. Upepo hulichukua joto kabla halijamfikia mtoto. Wanakijiji wote walijenga, watoto wakibeba mawe na wanawake wakishindilia sakafu. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu wa dunia ndiyo kilele. Hapa jirani, kando ya ziwa Turkana nchini Kenya, amejenga chuo cha vijana chenye minara ya kupitisha hewa, mfano wa vichuguu vya mchwa.

Askari polisi aliyewahi kuishi katika yuniporti, kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho mchana huwa tanuri na usiku huwa barafu, ataelewa habari hii kuliko profesa. Kwa miaka mingi tumewalaza watu wetu na watoto wao ndani ya bati tupu katika nchi ambayo mababu walijua kulitenga joto kwa udongo, nyasi na kivuli. Kikosi chetu cha uhandisi kina vijana wenye shahada na nguvu. Hatuoni sababu ya wao kutokwenda Turkana kutazama, kisha kujaribu nyumba 10 tu katika kambi moja.

Kwa upande wa mafunzo tunaomba mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. Kabamba na Kabalye ziingize somo hili katika saa za sheria za vita, na Monte Cassino ifundishwe kama somo la mbinu, si la dini. Singo, ambako vikosi huandaliwa kabla ya kwenda nje, iwape makamanda wa platuni karatasi moja yenye alama za majumba ya kale ya eneo wanakokwenda, pamoja na jina la mzee, imamu au padre wa kuulizwa. Kila amri ya kupiga kambi itaje waziwazi kama kuna jumba la namna hiyo, na nani ameruhusu litumiwe. Aliyeruhusu aandike sababu yake na kutia sahihi. Tofali la kale lisiletwe nyumbani kuwa kumbukumbu, wala ukuta usiandikwe jina la mtu na namba ya batalioni yake. Moto wa kupikia uwe mbali na kila paa la nyasi.

Na kwa polisi wanaolinda Kasubi: zamu zinapobadilishana usiku, anayeondoka na anayeingia wazunguke pamoja, wavitazame vifaa vya kuzimia moto kimoja kimoja, na waandike katika kitabu cha zamu walichokikuta.